Karatasi Niliyoibandua Kwenye Mashine Yako

Skola mwanangu,

“Aliyeunguza ya kwanza hapewi ya pili.” Mjomba wako Pius alisema hivyo Jumapili baada ya misa, sebuleni kwetu, kikombe cha chai mkononi, na watu wazima wote waliokuwepo wakaitikia kana kwamba amesoma kifungu cha sheria. Mama yako akaichukua bahasha ya hela zako, zile ulizozipata mwaka mzima kwa kuchapa barua za watu na kufufua kompyuta zao hapa dukani kwangu, akaifungia sandukuni. Ikaamuliwa kwamba hutaunganisha kompyuta nyingine ya gemu. Utachukua laptop ya mteja wa Pius, nyembamba, iliyotumika, na eti itakutosha chuoni Dar.

Sentensi ya Pius ni fupi lakini ina makosa mawili. Naanza na la pili kwa sababu ni jepesi. Tangu lini aliyeunguza ya kwanza hapewi ya pili? Injini ya kwanza ya boti ya Pius ilikufa pale Kasanga kwa sababu alikosea kuchanganya mafuta na oili, na Kasanga nzima inajua. Leo ana injini ya tatu. Hakuna aliyemwitia kikao, hakuna aliyemshauri anunue kasia. Lakini kwa binti anayependa gemu, kosa moja linageuka hukumu ya maisha.

Kosa la kwanza ni zito. Wewe hukuiunguza mashine ile. Na mtu pekee aliyejua hivyo kwa uhakika alikuwa amekaa kwenye kiti kile karibu na dirisha, akinyamaza. Mimi, ambaye nimebishana na mwenyekiti wa kigango kuhusu ukuta, na mawakala wa mbolea, na waandishi wa magazeti ambao sijawahi hata kuwaona, nilikosa neno moja. Ulinitazama mara moja, ukakusanya vikombe, ukaenda jikoni.

Jumatatu ukaniambia, “Basi baba, yaishe. Nitaichukua hiyo laptop.” Ulisema kwa upole kabisa. Upole ule umenikaa kifuani siku nne.

Basi lako linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Sasa hivi ni jioni, nimefunga duka, nimekaa nyuma ya mashine ya fotokopi na koti langu zito. Sitakuandikia kuhusu chakula, wala nauli, wala wanaume, wala misa ya Jumapili. Mama yako ameyasema yote hayo mara tatu na ameyasema vizuri kuliko mimi. Naandika kuhusu mashine, kwa sababu ndipo nilipokukosea.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulirudi likizo kutoka bweni kule Kaengesa na ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Nilikuwa na mpango wangu tayari, kununua kompyuta iliyotoka ofisini, ya mtumba, ya bei ya chini, kisha tuichomeke kadi ya picha. Nilikuwa nimesoma kidogo, na unajua nikishasoma kidogo ninavyokuwa. Ukanijibu, “Baba, prosesa ya hiyo imefungwa kasi. Na bodi yake haikuruhusu kugusa kitu. Ni kama kununua nyumba ambayo vyumba viwili huna ufunguo wake.”

Nikabisha siku mbili. Nikakuuliza kwa nini mtu mwenye hela kidogo ahangaike na kuipandisha mashine kasi, hayo si ni ya matajiri? Ukasema matajiri hawana haja, wao wananunua iliyo na kasi tayari. Sisi tunanunua ya chini iliyoachwa wazi, tunaisukuma wenyewe mpaka ifike karibu na ile ya juu. Sikukuambia, ila nilikwenda kulala nikitabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo hoja niliyoitafuta maisha yangu yote katika mambo mengine na sijawahi kuisema vizuri hivyo.

Orodha yako ilikuwa ya mtu mzima. Ulianza na bodi, ile sahani inayobeba vyote, si na kadi ya picha kama wavulana wa stendi wanavyofanya. Ulitaka ile ambayo sehemu inayoilisha prosesa umeme ina vyuma vya kupozea juu yake, kwa sababu kasi ikiongezeka ndipo panapochemka. Ram mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kipozea cha shaba chenye feni kubwa inayozunguka taratibu. Taa za rangi ulizifuta kwa mstari. Na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, uliipigia mstari mara mbili: wati mia tano na hamsini, za kampuni inayojulikana, na pembeni ukaandika, “Baba, hapa usipunguze.”

Nikaenda Tunduma mwenyewe. Vyote nilinunua kama ulivyoandika, isipokuwa kile ulichokipigia mstari. Muuzaji alinionyesha pawa saplai nyingine, imeandikwa wati mia saba na hamsini ubavuni, kwa bei pungufu kuliko ile yako. Nikajiona mjanja. Nilirudi nyumbani nimekupita kwa wati mia mbili. Ulipoishika mkononi uliipima kama mtu anayepima kuku sokoni, ukasema, “Baba, ni nyepesi.”

Nikakujibu kwamba teknolojia imeendelea.

Skola, chuma na shaba havijaendelea hadi kukosa uzito. Zile wati ziliandikwa na mtu mwenye kalamu, hazikuwekwa na mtu mwenye waya. Nilijua nimekosea kabla sijamaliza sentensi yangu, na nikaimalizia hivyo hivyo. Huo ndio ugonjwa wangu, na nauandika hapa waziwazi ili ukiuona kwa mwalimu, au kwa muuzaji, au siku moja kwa mume, uutambue mapema. Mtu anaweza kuendelea kubisha baada ya yeye mwenyewe kuacha kuamini anachosema.

Hukunigombeza. Ukafanya kilichowezekana. Fundi Oresto, yule anayechomelea mageti, akatukatia kasha la bati na kulitoboa matundu kama ulivyomchorea, chini mbele hewa iingie, juu nyuma itoke. Lilikuwa baya, tuseme ukweli. Lilikuwa na kona za geti na rangi ya geti. Lakini ukiweka mkono juu yake ulihisi upepo wa moto ukitoka kama inavyotakiwa, na bibi yako alipouhisi alicheka. Alisema vile vinu virefu vya udongo ambavyo wazee wa Ufipa waliyeyushia chuma navyo vilitobolewa chini hivyo hivyo, hewa ikajiendea yenyewe.

Kisha ukaanza kuipandisha kasi. Nilikuwa nikikuchungulia mlangoni. Unapanda hatua moja, unaiacha ikimbie saa nzima ikifanya kazi nzito, unaandika joto daftarini, unapanda nyingine. Ilipoanza kuganda, ukarudi nyuma hatua mbili, si moja. Nikakuuliza kwa nini mbili. “Moja ya mashine, moja ya ile pawa saplai, baba.” Ulisema bila kunitazama. Nilistahili.

Siku ya kurudi bweni ukabandika karatasi ubavuni mwa kasha, kwa selotepu ya hapa dukani. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu iko mbele yangu sasa hivi: “BABA. Kasi hii nimeipima kwa baridi ya Juni, hapa nyumbani. Usiihamishe kabla hujairudisha kasi ya kawaida, nimekuonyesha namna. Usiifunike. Skola.”

Uliandika “usiifunike” kwa sababu unatujua. Huku juu penye baridi tunafunika kila kitu. Redio, cherehani, mtoto, sufuria ya ugali, vyote vinapata blanketi lake. Mama yako alishaifunika mara mbili kwa kitambaa cha mezani, ukakifunua ukacheka.

Nilibandua karatasi hiyo mwezi Oktoba.

Wewe hujawahi kusikia habari ya siku ile kutoka kwangu, umesikia ya Pius. Isikie sasa. Pius alikuwa amekuja Sumbawanga kuuza samaki wa ziwani, migebuka, akaikuta mashine, akacheza nayo gemu ya mpira robo saa, akaanza dharau zake. “Shemeji, hii inakwenda kwa sababu hakuna anayeishindanisha. Mimi Kasanga nina kibanda cha gemu. Vijana wanacheza kutwa, na joto lile, na mashine zangu za dukani hazigandi. Ilete hiyo tuone.” Nikasema nitaileta Jumamosi. Hivyo tu. Shauri lilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Nilipoanza kuifunga kwa ajili ya safari niliiona karatasi yako. Nikaisoma. Nikafikiri, nikiirudisha kasi ya kawaida itakwenda kama mashine yoyote na Pius atakuwa ameshinda. Nikaibandua nikaitia mfukoni, isije ikasomwa na watu.

Barabara ya Kasanga inashuka, Skola, na kila kona joto linapanda gari. Nilivua sweta, kisha nikavua koti. Tulipofika ziwani shati limenigandia mgongoni. Mwili wangu wote uliniambia kile ambacho karatasi ilikuwa imeniambia, na sikusikiliza hata huo.

Kibanda cha Pius ni cha bati juu na bati pembeni. Ilikuwa saa nane mchana. Vijana kama ishirini wamejaa, wengine wamekaa kwenye makreti ya soda. Nikaitoa mashine. Mmoja wao akauliza, “Mzee, hilo geti utalifunga wapi?” Kibanda kizima kikacheka. Pius akapokea, “Shemeji, nilisema kompyuta, sikusema uzio.”

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeizungushia blanketi la harusi yetu kuzuia vumbi la njiani, lile la kijivu lenye mistari. Nikalichukua nikaifunika mashine ikiwa inawaka, nikaacha mbele tu pawazi kidogo. Sikuwa nimesahau ulichoandika. Karatasi ilikuwa mfukoni. Niliifunika kwa sababu niliona aibu na zile kona za geti. Kazi ya mikono yako na ya Oresto niliionea aibu mbele ya vijana nisiowajua hata majina.

“Kaona baridi huyo,” Pius akasema. “Au ana homa?”

Ilikwenda vizuri dakika kumi. Picha laini, mpira unaruka kama hai, vijana wakaanza kusogea karibu, na mimi nikaanza kuvimba kichwa. Kisha ikajizima. Pius akapiga makofi. Nikaiwasha. Ikaenda dakika nne, ikajizima tena. Kijana mmoja mwembamba, aliyekuwa amesimama karibu, akaniambia kwa heshima, “Mzee, inajilinda hiyo. Iache ipoe, toa hilo blanketi.” Kijana huyo alikuwa na akili kuliko mimi na magazeti yangu yote. Nikamwambia atulie, mwenye mashine nipo. Nikaiwasha mara ya tatu.

Kilitoka kishindo kidogo, kama njugu inayopasuka motoni, halafu harufu. Unaijua harufu hiyo, uliikuta Desemba. Pawa saplai ilikufa, na haikufa peke yake, iliondoka na bodi na prosesa.

Pius, nimtendee haki, hakucheka. Aliuliza tu, “Shemeji, imekuwaje?” Na mimi, mtu mzima, msomaji, mwenye maneno, nikajibu, “Skola aliipandisha kasi kupita kiasi bila kuniambia.”

Hayo ndiyo maneno aliyokwenda nayo Pius. Hakuyatunga. Nilimpa mimi.

Ulipomaliza shule ukarudi nyumbani Desemba, ukafungua kasha, ukanusa, ukakaa nalo sakafuni muda mrefu. Kisha ukauliza, “Baba, karatasi yangu iko wapi?” Na mimi nikauliza, “Karatasi gani?”

Naamini ulijua. Mtu anayejua pawa saplai kwa uzito wake anajua pia sauti ya baba yake. Lakini hukusema kitu, si siku ile wala mwaka huu mzima tuliokaa pamoja dukani, wewe ukifufua kompyuta za watu hatua tano kutoka nilipokaa. Nimejiuliza kama ulinyamaza kwa heshima au kwa sababu ulishaniona nilivyo na hukutaka kuhakikisha. Sikuombi unijibu.

Tangu Oktoba ile nimesoma habari za joto kuliko nilivyosoma kwa mtihani wowote, kwa siri, kama mtu anayesoma barua za mwingine. Kwa hiyo niruhusu niseme machache kuhusu mashine yako ya pili. Utayapuuza ukiona hayafai.

Dar hakuna Juni. Joto nililolikuta Kasanga siku moja, wewe utalala nalo. Kwa hiyo usinunue kwanza kasi, nunua kwanza hewa. Hela ambayo hapa ungeitia kwenye prosesa ya daraja la juu kidogo, kule itie kwenye kipozea na kasha lenye matundu ya kweli. Na ipime saa nane mchana, chumba kikiwa na watu. Ukipima alfajiri utapata namba za kujifurahisha.

Kadi ya picha ya mtumba usiinunue ikiwa imelala kwenye boksi. Mwambie muuzaji aichomeke, ikimbie nusu saa mbele yako, usikilize feni. Akikuambia umeme hakuna, muage. Pawa saplai ishike mkononi, na mtu akikuambia teknolojia imeendelea, umkumbuke baba yako uirudishe juu ya meza. Prosesa ya daraja la kati iliyoachwa wazi, bodi inayoiruhusu, na hatua mbili nyuma ya pale inapoganda. Hiyo ya hatua mbili ni yako, nakurudishia.

Na laptop ya Pius uikatae. Siikatai kwa sababu ni ya Pius. Kwa mwili ule mwembamba, na joto la Dar, itajipunguza kasi kila utakapoihitaji, na huwezi kuifungua ukabadilisha kitu. Umefundishwa na mikono yako mwenyewe kufungua vitu. Usikubali kilichofungwa ili watu watulie.

Jambo moja la mwisho kuhusu gemu. Nimewasikia wanaokutetea wakisema mashine itakusaidia masomo. Itakusaidia, ndiyo, lakini sitajificha nyuma ya hoja hiyo. Wanaume waliokaa sebuleni kwetu Jumapili hutumia kila Jumamosi kwenye banda la kuonyeshea mpira, wakipiga kelele, na hakuna anayewauliza inawasaidia masomo gani. Unataka mashine ya kuchezea uliyoichagua mwenyewe, kwa hela uliyoitolea jasho. Inatosha kuwa sababu.

Barua hii siifungi. Nitaiweka mezani nyumbani, chini ya kopo la sukari, na karatasi yako nimeibana nayo, bado ina kipande cha selotepu. Mama yako Emiliana ataamka wa kwanza kuchemsha chai, ataikuta. Pius, aliyekuja kukusindikiza na analala chumba cha wageni, ataamshwa na kelele za Emiliana akishaisoma. Ni sawa. Wataisoma kabla yako, na nimeiandika nikijua hivyo. Nitakuwa nimekaa sebuleni, kwenye kiti kile kile cha dirishani, na nitayarudia yote haya kwa mdomo wangu mkiwa mmesimama wote watatu, kwa sababu karatasi imeshanifichia mengi mno.

Kwa hiyo sasa nazungumza na ninyi wawili. Emiliana, mke wangu, fungua sanduku. Pius, shemeji, uongo nilikupa mimi na samahani nitakuomba mimi, lakini hukumu uliitoa wewe, na mbele ya watu. Ifute mbele yake. Bahasha iwe mkononi mwa Skola, nzima kama ilivyofungwa, kabla hajafunga kamba za viatu.